Ulimi Hauna Wilaya

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya kata wilayani Biharamulo. Mimi ni mtoto wa Ngara, kwa hiyo kwangu Biharamulo ni kwa jirani. Ukitoka kwetu kwenda Kahama, Dodoma au Dar, basi lazima lipite Lusahunga. Nikafurahi, nikajua angalau chakula hakitanisumbua. Nikapewa Baiolojia, kidato cha tatu, na baada ya wiki mbili tukafika kwenye milango ya fahamu.

Ukutani kulikuwa na chati ya manila, imechorwa kwa kalamu za rangi na mwalimu aliyehama zamani. Ulimi mkubwa, umegawanywa kama ramani ya mkoa. Ncha ni ya utamu, pembeni mbele chumvi, pembeni nyuma uchachu, na kule mwisho kabisa kooni ni wilaya ya uchungu. Bila shaka wewe unayesoma umeshaiona mahali. Mimi niliikariri nikiwa na miaka kumi na sita, nikaichora kwenye mtihani, nikapata vema zote.

Nikaanza kufundisha nikielekeza kwa rula. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Madam, mbona mimi nikionja muhogo mchungu nausikia hapa hapa mbele?" Akatoa ulimi, akagusa ncha kwa kidole. Darasa zima likacheka.

Nikamjibu: "Kwenye mtihani andika kama chati inavyosema."

Wasomi wenzangu, aliyetoa jibu hilo ni mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu wa sayansi, niliyekuwa nakaribia kukabidhiwa shahada. Makala hii naiandika kwa sababu jibu lile linanikera mpaka leo, na kwa sababu wengi wetu tutapelekwa tena mashuleni muhula huu, na chati ile bado imebandikwa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa namwona bibi yangu kule Ngara. Bibi akitaka kujua muhogo ni wa namna gani, anamenya, anakata kipande chembamba cha katikati ya mzizi, anakigusisha kwenye ncha ya ulimi, anatulia kidogo, anatema. Basi. Kama uchungu ungekuwa unasikika nyuma tu, karibu na koo, bibi angekuwa anatambua sumu akiwa tayari anaimeza. Bibi yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne, na ulimi wake umekuwa unaipinga chati yangu miaka yote hiyo. Mimi sikuwahi kuweka vitu hivyo viwili pamoja.

Kesho yake nikaenda dukani: sukari, chumvi, limao mawili, na kahawa niliyoichemsha kali bila sukari. Nikakunja pamba kwenye vijiti vya meno. Wanafunzi wakakaa wawili wawili, mmoja anafumba macho, mwenzake anamgusa ncha, pembeni, nyuma, halafu anasukutua maji kabla ya ladha nyingine. Baada ya nusu saa ubaoni hakukuwa na ramani. Utamu ulisikika kila mahali. Uchungu nao kila mahali, ingawa baadhi walisema nyuma unakolea zaidi. Yule msichana hakusema kitu. Aliniangalia tu.

Sasa ile ramani ilitoka wapi? Mwaka 1901 Mjerumani aitwaye Hänig alipima ulimi na kukuta kwamba sehemu fulani zinawahi kidogo kuhisi ladha fulani. Tofauti zilikuwa ndogo mno. Mwaka 1942 profesa wa Harvard, Edwin Boring, aliuchora upya utafiti ule katika kitabu chake kwa namna ambayo wasomaji waliona kana kwamba pale ambapo ladha inahisiwa kidogo, haihisiwi kabisa. Wachoraji wa vitabu wakamalizia kazi. Mwaka 1974 Virginia Collings alipima tena, akakuta tofauti zipo kweli lakini ni ndogo. Ni nusu karne sasa tangu chati isahihishwe, na sisi tunaendelea kuikariri.

Mtu atasema, bana, ulimi tu, kuna kosa gani kubwa hapo? Nitafika huko. Kwanza tuingie ndani ya ulimi wenyewe, maana ukijua unavyofanya kazi utaona kwa nini haiwezekani ugawanywe wilaya.

Vile vipele unavyoviona ukitoa ulimi mbele ya kioo si vyenyewe vinavyoonja. Kwenye baadhi ya vipele hivyo kuna vifuko vidogo sana, vina umbo la tumba la ua, na kila kimoja kina seli kati ya 50 na 100 zilizobanana. Juu ya kifuko pana kitundu. Mate yaliyoyeyusha chakula yanapita kwenye kitundu hicho na kukutana na ncha za seli. Ndiyo maana kitu kikavu hakina ladha mpaka kilowe: futa ulimi wako vizuri kwa kitambaa safi, weka punje za sukari, uone utamu unavyochelewa.

Ndani ya kifuko seli zimegawana kazi. Kwa chumvi na uchachu njia ni fupi. Sodiamu ya chumvi inaingia moja kwa moja kupitia milango iliyo kwenye ngozi ya seli. Ukali wa limao ni ioni za haidrojeni, nazo zina mlango wao, protini iitwayo OTOP1, iliyotambuliwa mwaka 2018 tu. Yaani sisi tulikuwa sekondari bado wanasayansi wanautafuta mlango wa limao.

Utamu, uchungu na ile ladha nzito ya supu na dagaa ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliipa jina la umami mwaka 1908, hizo zinapita njia ndefu. Hapa molekuli ya chakula haiingii ndani ya seli. Inagusa kipokezi kilicho nje, kama mgeni anayebisha hodi. Kipokezi kinabadilika umbo na kuiamsha protini iliyo upande wa ndani, iitwayo gastidusini, iliyogunduliwa mwaka 1992. Hiyo inaanzisha mnyororo ambao mwisho wake ni kalsiamu kumwagwa kutoka kwenye ghala lake ndani ya seli. Kalsiamu inafungua mlango mwingine, sodiamu inaingia, umeme wa seli unabadilika, na seli inatoa nje ATP. Ndiyo, ATP ileile tunayoiimba kila mtihani kuwa ni nishati ya seli. Hapa inatumika kama barua. Neva iliyo jirani inaipokea na kupeleka habari kwenye ubongo. Yote hayo yanatimia kabla hujafunga mdomo.

Kuna jambo moja ambalo lilinishangaza kuliko yote. Utamu una kipokezi kimoja kikuu, kilichoundwa na protini mbili zilizoshikana. Uchungu una vipokezi takriban 25. Kwa nini? Sukari ni habari ya aina moja: hapa kuna chakula. Sumu za mimea ni nyingi, kila moja na umbo lake, kwa hiyo walinzi nao lazima wawe wengi. Na seli moja ya uchungu hubeba aina nyingi za vipokezi hivyo kwa pamoja. Haijali sana ni sumu ipi. Inapiga kelele moja tu: tema. Na vifuko vyenye seli za aina zote hizi vimetapakaa mbele, pembeni, nyuma, hata kwenye kaakaa. Mlinzi wa uchungu hakuwekwa kooni peke yake. Yupo hata kwenye lango la mbele.

Mmoja wa walinzi hao 25 anaitwa TAS2R16. Kazi yake ni kukamata kundi la glukosidi, na ndani ya kundi hilo imo linamarini. Hapo ndipo tunaporudi shambani kwa bibi.

Linamarini ndiyo inayoufanya muhogo uwe mchungu na uwe hatari. Ndani ya mzizi mzima imetengwa mbali na kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Ukikwangua, ukikata au ukiloweka, kuta za seli zinavunjika, hivyo viwili vinakutana, na mwisho inatoka sianidi ambayo ni gesi na inaweza kupeperuka. Kwa hiyo akina mama wanapoloweka muhogo siku tatu hadi ulainike, wakaukamua na kuuanika kuwa udaga, wanaipa sumu muda wa kutoka. Lakini ukichukua muhogo mchungu ukautumbukiza moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, moto unakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini inabaki humo humo. Umeuivisha muhogo na sumu yake.

Hili sikulisoma kwanza kitabuni. Kuna mwaka mvua zilikata mapema kwetu. Mimi nilikuwa likizo, bibi amekwenda msibani, nyumbani nimeachwa na wadogo zangu. Tukang'oa muhogo wa mbegu ngeni ambao mama alikuwa amepewa na jirani, nikaumenya, nikauchemsha, tukala na chumvi. Usiku mdogo wangu wa mwisho akaanza kutapika, kichwa kinamuuma, miguu haina nguvu. Nilimkumbatia mpaka alfajiri nikiwa na hakika atanifia mikononi. Alipona. Bibi aliporudi hakunigombeza. Aliuliza swali moja: "Nani aliuonja kabla haujawekwa jikoni?" Hakuna aliyeonja. Mimi, msomi wa nyumba, mwenye vema za ramani ya ulimi, ndiye niliyepika.

Wengine hawakupata bahati hiyo. Kuna ugonjwa uitwao konzo, jina lililotoka Kongo, ambako daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haurudi nyuma. Wengi wanaoupata ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Hapa kwetu ulitokea Tarime mwaka 1985, na miaka ya baadaye Mtwara pia. Sababu zinajirudia: ukame au njaa, muhogo mchungu, haraka ya kuuandaa, na mboga haba isiyo na protini ya kusaidia mwili kuisafisha sianidi. Ukame wenyewe unaongeza linamarini kwenye mizizi. Muhogo uliokuwa mtamu mwaka jana unaweza kuwa mchungu mwaka huu, shamba lilelile.

Fikiria sasa hali ya Kagera. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa wa batobato kali uliingia mkoani ukitokea upande wa Uganda, ukaharibu mbegu ambazo wazee walikuwa wanazijua kwa majina na kwa tabia. Zimekuja mbegu nyingine, na zitaendelea kuja. Kila mbegu mpya inapofika kijijini, mtu wa kwanza kuipima ni mwanamke mwenye kisu na ulimi. Na tusidhani kwamba wanaolima muhogo mchungu ni wajinga. Kwa wanaopakana na mapori, nyani na nguruwe pori wanauogopa, na hata mwizi haibi kitu ambacho lazima akiloweke siku tatu. Uchungu ni uzio wa shamba. Unachohitaji ni mtu anayejua kuusoma.

Na kuusoma huko ni kipimo cha kweli. Watafiti waliofanya kazi na wakulima nchini Malawi, akiwemo Linley Chiwona-Karltun, walilinganisha uchungu ulioonjwa kwa ulimi na kiasi cha glukosidi kilichopimwa maabara, wakaandika mwaka 2004 kwamba vinakwenda pamoja. Bibi zetu wana maabara. Tatizo letu ni kwamba tumefundishwa kuiita desturi.

Sasa nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi ulimi unatosha. Ulimi ni mlinzi, si hakimu. Mwaka 2016 takriban watu 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa sumukuvu kwenye mahindi, na sumukuvu haina mlinzi wake kati ya wale 25. Unaila na ugali unabaki ugali. Tena ndimi hazilingani. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox alimwaga kwa bahati mbaya unga wa kemikali iitwayo PTC maabara. Mwenzake akalalamika unachoma uchungu, yeye hakusikia chochote. Baadaye ikajulikana ni tofauti ya kurithi kwenye kipokezi kimoja. Hata kwenye darasa langu kulikuwa na waliokunja sura kwa kahawa na waliotaka waongezewe. Katika nyumba moja mama anaweza kusikia kile ambacho binti hasikii. Chumvi na sukari nazo hufunika uchungu. Kwa hiyo penye mashaka waonje wawili, na hata wakikubaliana, muhogo usiojulikana uloweke tu.

Lakini tofauti hizo zenyewe ndizo elimu. Mwanafunzi anayejua kwamba ulimi wake una vipokezi, kwamba vinatofautiana, kwamba vinakamata sumu hii na vinaikosa ile, huyo ana kitu cha kumsaidia akifika nyumbani. Anayejua ramani ana picha ya kuchora kwenye mtihani. Na kibaya zaidi, ramani inamfundisha kwamba kitabu kikipingana na mwili wake mwenyewe, auamini ukuta. Hilo ndilo kosa kubwa nililoahidi kulifikia. Nilimwambia mtoto wa mkulima wa muhogo kwamba ulimi wake unakosea.

Napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji tusubiri bajeti.

La kwanza, sisi tunaokwenda TP tufanye jaribio la ladha. Gharama yake haizidi nauli ya bodaboda. Tumia vitu vya kuliwa tu, pamba safi kwa kila mtu, na msionjeshe watoto muhogo mbichi. Kahawa inatosha kuwa mwalimu wa uchungu. Mkaguzi wangu aliandika kwamba sikufuata zana zilizoidhinishwa, nikapoteza alama kadhaa. Bado nashauri mfanye.

La pili, wenzetu wa sayansi ya chakula, kilimo na kemia mnaolia kila mwaka kwamba hamna mada za utafiti wa mwisho: nendeni Ngara na Biharamulo. Kaeni na wanawake wanaoonja, andikeni wanavyopanga mbegu zao kwa uchungu, halafu pimeni kwa karatasi za pikrati, zile za njano zinazogeuka hudhurungi penye sianidi. Mkute wapi ulimi na karatasi vinakubaliana na wapi vinaachana. Hiyo ni kazi ya kisayansi kamili, na matokeo yake yana wa kuyasubiri.

La tatu, turudishe kitu kijijini. Ipo njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury na wenzake, na ikatumika Popokabaka kule Kongo kupambana na konzo. Unaweka unga wa muhogo kwenye bakuli, unaweka alama kiwango chake, unaongeza maji ukikoroga mpaka unga uliolowa urudi kwenye alama ileile. Unautandaza mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au saa tano kivulini, gesi inatoka, kisha unapika ugali siku hiyohiyo. Haichukui nafasi ya kuloweka. Ni kinga ya ziada pale haraka au njaa imefanya kazi ya kwanza ikawa nusu. Mwanafunzi yeyote anayekwenda likizo anaweza kuibeba kichwani bila mzigo.

Siku yangu ya mwisho shuleni nilimwita yule msichana mbele ya darasa. Nikasema alichosema siku ile kilikuwa sahihi na nilichomjibu mimi kilikuwa kosa. Hakucheka mtu. Akaniuliza kama angeweza kuichukua chati, maana manila ni bei na nyuma yake ni nyeupe. Nikamwambia aibandue. Tukageuza, na upande wa pili darasa likachora kifuko kimoja cha ladha, kikubwa, na seli zake zote.

Wewe utakayepangiwa shule muhula huu, ukiikuta chati ile ukutani, usiibandue peke yako usiku. Ibandue pamoja na wanafunzi, mkishaonja.